Bakuli la Nje

Mtu mmoja alikuwa na kihenge kimoja cha kuhifadhia nafaka, na ndani ya kihenge hicho ulikuwamo mwaka wake mzima. Jina lake Ndahani. Aliishi katika nchi kavu inayopata mvua moja, ambako watu huvuna mtama mara moja, huuhifadhi, kisha hula huo huo mpaka mavuno mengine. Hapakuwa na mshahara wa kuziba pengo wala duka la kukopesha. Kilichokuwa kihengeni ndicho kilichokuwapo.

Mwaka ninaousimulia mavuno yalikuwa haba. Ndahani na mkewe, Sechelela, waliketi chini wakaugawa mtama wao kwa akili zao zote. Kwanza walitenga mbegu. Waliitia ndani ya kibuyu, wakaziba mdomo wake kwa udongo, wakakitundika juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Kisha walitenga mtama wa kuuza, wapate chumvi, mafuta ya taa na madaftari ya binti yao Nyemo. Uliobaki ulikuwa wa kula, na huo Sechelela aliupima kwa kibaba. Msidhani kila kibaba ni sawa na kingine. Kuna kibaba cha tele, kinachojazwa mpaka nafaka isimame juu ya ukingo, na kuna kibaba cha mfuto, ambacho mpimaji hukipitishia kijiti juu, na punje zilizozidi zikarudi zilikotoka. Sechelela alipima cha mfuto. Alipima hivyo siku njema na siku mbaya, mtoto akilia na mtoto akicheka, kwa sababu alijua kwamba akiba ya mwaka haimalizwi na kibaba kimoja bali na zile punje za juu.

Naye Ndahani, nisimsingizie, hakuwa mponda mali. Aliacha tumbaku. Aliacha pombe ya mtama. Viatu vyake vya tairi alivishona mwenyewe kwa waya, na chai aliinywa bila sukari akisema hivyo ndivyo inavyomfaa. Hesabu ya nyumba ile ilikuwa nzuri, na laiti mngeiona mngeisifu. Ilisahau kitu kimoja tu. Hawakuitengea aibu fungu lake.

Kwa watu wale wanaume hawali jikoni. Jua likianza kushuka, waume wa nyumba za jirani hukutana kando ya ukuta wa zizi, na kila mmoja huletewa hapo bakuli la ugali la nyumba yake. Hula pamoja, tonge kutoka bakuli hili, tonge kutoka lile. Wanawake na watoto hula ndani. Kwa hiyo kila nyumba ina ugali wa aina mbili: wa nje, unaoonwa na watu, na wa ndani, unaoonwa na Mungu peke yake. Adabu yao ilidai kwamba mtu amege pembeni pembeni, asionekane mwenye njaa, na ainuke chakula kikiwa bado kipo. Tena bakuli la nje halikurudi ndani na mabaki, maana hilo lilikuwa tusi kwa aliyepika. Mabaki yalikuwa haki ya mbwa wa zizini.

Miongoni mwa wanaume hao alikuwamo Chedego. Bakuli lake lilikuwa kubwa kuliko yote, na ugali wake ulisimama juu kwa fahari, mwaka wa neema na mwaka wa dhiki. Yeye hakuwapa mbwa wa zizini. Alilibeba bakuli lake mwenyewe akaenda nalo, akisema ana mbwa wa kuwinda aliyefungwa nyumbani. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Mtu mwenye bakuli kubwa haulizwi sana.

Jioni moja Chedego aliutazama ugali wa Ndahani, ambao kwa mfuto wa Sechelela ulikuwa umeanza kukaa chini ya ukingo. Akatabasamu. "Naona kwa ndugu yetu siku hizi wanapika cha ndege," alisema. Watu wakacheka kidogo, bila ubaya, wakaendelea kula. Lilikuwa neno dogo, na pengine hata Chedego alilisahau kabla hajanawa mikono. Lakini Ndahani hakulisahau. Aliporudi nyumbani hakukaa. Alisimama mlangoni akamwambia mkewe, "Mama Nyemo, bakuli la nje lisipungue tena. Mambo ya ndani tutayajua wenyewe."

Sechelela hakubisha. Aliangalia kihenge, akaangalia watoto, akaelewa yote mara moja, maana hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kinachoongezwa nje hutolewa ndani. Hapana mahali pa tatu. Tangu siku hiyo kibaba cha nje kikawa cha tele, na cha ndani kikashuka chini hata ya mfuto. Ugali wa watoto ukawa uji. Uji ukawa maji yenye rangi ya uji. Nyemo alijifunza kusema ameshiba kabla hajaletewa, na mtoto mchanga, aliyekuwa bado ananyonya, alianza kuvuta ziwa la mama yake kwa hasira na kuliacha kwa kilio.

Kila asubuhi Sechelela aliweka sikio kwenye ukuta wa kihenge na kugonga kwa kifundo cha kidole, kutoka juu kwenda chini. Palipo na nafaka hujibu kwa mlio mzito. Pasipo na kitu hulia kama ngoma. Mlio wa ngoma ulikuwa ukishuka. Alitamani kumwita mumewe aje asikie, lakini kila alipofungua kinywa Ndahani alikuwa amekwisha toka, kwa sababu naye aliusikia na hakutaka kuusikia. Na sikilizeni hili, maana ndilo linalouma: katika kila nyumba ya pale alikuwamo mwanamke aliyegonga kihenge kwa kidole asubuhi, na kila mmoja alidhani ni nyumba yake tu. Mwaka ule mbwa wa zizini walinenepa. Nasema hivyo bila kucheka.

Mvua ikachelewa. Walijua kwamba mvua ikishanyesha mtu atapata cha kushika, kwa kuwa mboga za porini huchipua, na mashamba ya bondeni hutafuta vibarua na kuwalipa nafaka. Kabla ya mvua, ardhi haitoi hata jani. Mawingu yalikuja mchana yakakaa juu yao, mazito, watu wakatoka nje wakatazama, kisha upepo ukayachukua. Yakaja tena, yakachukuliwa tena. Kando ya ukuta wa zizi wanaume walizungumza habari za mawingu kwa sauti za watu wasio na wasiwasi. Walimega pembeni pembeni. Waliinuka chakula kikiwa bado kipo. Ndahani alirudi nyumbani na njaa ile ile aliyotoka nayo, akawakuta watoto wamelala mapema, kwa kuwa usingizi haupimwi kwa kibaba.

Ikafika siku ambayo kihenge kililia ngoma mpaka chini. Kilichobaki kilikuwa ni cha kuokota kwa vidole, na hicho Sechelela alikuwa amekwisha kukikusanya na kukitia chunguni kuwapikia watoto uji. Jua likashuka. Ndahani aliingia jikoni akamkuta mkewe ameketi na mtoto ziwani, na bakuli la nje liko tupu juu ya kinu.

Nje sauti iliita, sauti ya watu wanaongoja. "Ndahani, twakusubiri wewe."

Ndahani aliinua macho, na macho yake yakafika juu ya meko, kwenye kibuyu. "Chukua kidogo humo," alisema. "Cha leo tu. Kesho huenda ikanyesha."

Sechelela aliinuka. Alikitungua kibuyu, akakipangusa masizi kwa ncha ya khanga yake. Alichukua kisu. Kisha hakufungua. Alimwekea mumewe kibuyu mikononi na kisu juu yake, akasema, "Baba Nyemo, ingekuwa ya watoto ningeifungua mwenyewe. Hii ya nje, ifungue wewe." Akarudi akaketi na mtoto wake.

Kibuyu kilikuwa chepesi. Ndahani alikitikisa, mbegu zikachakacha ndani, na alijua kwamba mchakacho ule ndio shamba lake lote. Sauti ya nje ikamwita tena. Akaweka ncha ya kisu kwenye udongo wa mdomo wa kibuyu, akasukuma, kipande cha udongo kikadondoka. Hapo mtoto akanyamaza. Hakunyamaza kwa shibe. Alinyamaza kwa kuchoka kulia, na ule ukimya ulimwingia Ndahani mwilini kuliko kilio chote alichowahi kukisikia. Aliogopa. Aliogopa kumtazama mtoto, akaogopa kutoka nje, na kwa muda hakujua hofu ipi ni kubwa zaidi. Kisha akalowesha udongo kwa mate, akaziba pale alipopabomoa, akakitundika kibuyu mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Akatoka na bakuli tupu.

Aliliweka mbele ya wenzake, katikati ya mabakuli yao. "Kwangu leo hakuna," alisema. "Na siku zote hizi hakukuwa na kitu. Nimekuwa nikiwaletea cha watoto wangu."

Walitazama mikono yao. Adabu ilimtaka mwenye kingi amkaribishe asiye na kitu, na mwenye kingi alijulikana, kwa hiyo macho yote yakamgeukia Chedego. Chedego alikawia. Mwishowe akalisogeza bakuli lake kubwa kwa vidole viwili. "Karibu, ndugu yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Sasa Ndahani alikuwa na njaa ya kweli, na aibu yake ilikuwa imekwisha kutumika. Hakumega pembeni. Aliingiza vidole katikati ya ugali ule uliosimama, mahali ambapo kwa adabu yao hapana mtu aliyewahi kugusa. Vidole vyake vikagonga mti. Akajaribu tena kando yake, vikagonga mti tena. Akaondoa ugali kwa kiganja, na watu wote wakaona: ndani ya bakuli kubwa palikuwa pamefunikwa kibakuli cha mti, chini juu, na juu yake ugali umepakwa unene wa kidole, kama mtu anavyosiriba ukuta.

Chedego hakukana. Alikaa huku ameinamisha kichwa, mtu mzima mwenye mvi, akasema kwamba anafanya hivyo tangu ukame wa miaka ya nyuma, ili watoto wake wale. Alidhani ni yeye peke yake aliyepungukiwa. Alikuwa akiyaona mabakuli yao yamejaa, akazidisha kimo cha lake.

Ndipo mzee aliyeitwa Lusito, ambaye jioni zote hizo alikuwa hasemi sana, akafunika uso kwa mikono. "Mimi mbegu yangu niliipika juzi," alisema. "Niliipika kwa sababu ya bakuli hilo."

Mvua ilikuja baadaye, kama ijavyo, bila kuuliza nani amejiandaa na nani hakujiandaa. Ndahani alibandua udongo wa kibuyu akapanda shamba lake. Majirani walimchangia Lusito mbegu, kila nyumba kiganja, kwa kuwa hapakuwa na mwenye zaidi ya kiganja, na nusu ya shamba lake ilikaa wazi mwaka ule, ikaota magugu mbele ya macho ya kila apitaye. Mtoto mchanga wa Ndahani hakufa. Lakini alichelewa kutembea, akachelewa mno, na kila Ndahani alipomwona akitambaa wakati wenzake wanakimbia, moyo ulimchoma. Sechelela hakumlaumu mumewe hata siku moja, na hilo nalo lilimchoma.

Ndugu zangu, ninyi mnajua kihenge ni nini. Ni mwaka mliopewa, wenye mwanzo na mwisho wake, na wengi wenu mnaupima vizuri: mnazima taa mapema, mnavaa viatu vilivyoshonwa, mnakunywa chai kavu. Sina la kuwafundisha kuhusu mfuto. Lakini kuna michango mnayotoa ili jina lisomwe, kuna nguo za sherehe zinazonunuliwa kwa unga wa mwezi ujao, kuna mgeni anayekula kuku kwenye nyumba ambamo watoto wameingojea nyama tangu sikukuu iliyopita. Hicho chote kinatoka mahali. Nanyi mnapoulizwa kwa nini, mnanijibu kwamba fulani ametoa zaidi, fulani amepika zaidi, fulani hakupungukiwa hata mwaka huu.

Basi nakuuliza, nawe ujijibu ukifika nyumbani kwako: hilo bakuli unaloshindana nalo, umewahi kutia kidole katikati yake?