Safari ya Kimya ya Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Na nyinyi watu wazima hapo nyuma, midomo mmeazima? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona mpo. Shomari, mpishe mdogo wako akae. Kale hiyo, kale ya mbali, mlima wetu ulipokuwa na theluji mpaka mabegani na wanyama wakipiga domo kuliko nyinyi, paliishi pimbi mmoja. Jina lake Chande.

Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene, hana mkia, anakaa majabalini, asubuhi kazi yake kuota jua. Chande aliishi na ukoo wake kwenye jabali kubwa katikati ya mlima. Aliishi na dada yake, Mwamvua. Mama yao alifariki mapema, Mwamvua ndiye aliyemlea. Alimlaza ubavuni, akamtafunia majani, akamfundisha kukimbia.

Sasa, pimbi wana sheria moja. Moja tu, si kama nyinyi. Aliye juu kuliko wote ndiye macho ya wote. Wengine wakila, yeye hali. Wengine wakisinzia, yeye anazungusha kichwa, huku, kule, huku, kule. Akiona tai, Kwiii! Akiona chui, Kwiii! Hapo hakuna kuuliza. Kila mmoja anaingia kwenye ufa wa jiwe, vuruu! Ndiyo maana pimbi wapo mpaka leo.

Lakini Chande alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anaongoza wageni. Anamchukua mnyama wa bondeni, anampandisha asubuhi, anamwonyesha mlima, anamrudisha jua halijazama. Alikuja digidigi, akashuka anasifu. Alikuja kobe, huyo siku moja ilikuwa ndogo, lakini naye akasifu. Sifa zikampanda Chande kichwani. Ikawa mgeni akiuliza, "Kuna hiki?" anajibu, "Kipo." "Na kile?" "Kipo." Neno "hapana" likampotea kabisa.

Siku moja akaja Bi Kanga.

Alikuja peke yake. Mmewahi kuona kanga peke yake? Hata mimi sijawahi, na miaka yangu yote hii. Kanga ni kundi. Chande akashangaa.

"Shikamoo, Bi Kanga. Wenzako wako wapi?"

"Marahaba. Nimewaacha hukohuko. Nimechoka nao! Tukitoka tuko hamsini, mimi naona mikia tu. Safari hii nataka yangu mwenyewe. Mgeni mmoja, mwongozaji mmoja, siku moja."

"Karibu sana. Ungependa kuona nini?"

"Maporomoko," akasema Bi Kanga. "Mbega. Theluji." Kisha akasogeza shingo. "Na chui."

Weee! Moyo wa Chande, du!

"Chui, Bi Kanga? Chui huyu huyu?"

"Huyo huyo. Sikiliza, mwanangu. Chui nimemkimbia tangu kifaranga. Mara sabini nimemkimbia! Lakini kumwona? Hata ukucha. Mmoja wetu anapiga kelele, kekekeke! Wote tunaruka. Tukitua naambiwa, alikuwa chui. Nizeeke hivihivi, naambiwa tu? Haya, yupo au hayupo?"

Hapo, jamani. Hapo ndipo alipotakiwa kusema, mama, mimi ni chakula cha chui, na wewe ni chakula cha chui, tukaangalie maua. Akasema nini?

Akasema, "Yupo."

"Basi niapie. Tukimwona, hutapiga kelele. Kimya! Kelele ndizo nilizozikimbia kule kwetu."

Chande akakubali. Akaapa.

Kulipopambazuka akamfuata dada yake. Siku hiyo zamu ya ulinzi ilikuwa yake Chande.

"Dada, nishikie zamu."

"Juzi nilikushikia."

"Nishikie na leo. Nina mgeni mkubwa."

Mwamvua akamtazama mdogo wake. Akamtoa jani lililonasa begani. "Haya. Lakini mimi nami nina tumbo. Mkifika kwenye lile genge la mwamba kule juu, mnapokaa kula, nitakuona. Hapo wewe ndiye utakuwa juu kuliko sote. Mimi nitashuka na watoto tukale majani. Utatuangalia?"

"Nitawaangalia."

"Chande."

"Dada, nimesema nitawaangalia!"

Wakaondoka. Chande mbele, Bi Kanga nyuma. Na Chande alikuwa na hila yake. Chui anakaa korongo la mashariki, akawaza. Nitampitisha magharibi. Nitamwonyesha yote mengine, jioni nitamwambia, leo chui amelala, samahani. Akaimba wimbo wake wa kupandishia wageni. Mniitikie.

*Mgeni wangu, weka mguu!*
Weka!
*Nilipoweka, nawe weka!*
Weka!
*Tutafika, tutarudi!*
Weka!

Alikuwa anaimba, lakini masikio yalikuwa hayaimbi. Kijiti kikikatika, ta! anaruka. Jani likianguka, anaruka. Wakafika kwenye maporomoko. Maji yanashuka, mvuke unapanda, ukisema neno hulisikii mwenyewe.

"Vizuri," akasema Bi Kanga. "Chui yuko wapi?"

"Mbele, Bi Kanga."

Wakaingia msituni. Mbega wako juu ya miti, wamevaa majoho yao meupe, wanaruka tawi hadi tawi. Wazuri ajabu.

"Vizuri," akasema Bi Kanga. "Chui yuko wapi?"

"Mbele kidogo."

Wakapanda. Wakavuka kijito. Ng'ambo ya kijito, kwenye tope, Chande akaona unyayo. Mkubwa. Wa duara. Mbichi, maji bado yanaingia ndani yake. Upande huohuo wa magharibi! Na umeelekea chini, kulekule kwenye jabali la pimbi.

Chande akafanya nini? Akaukalia.

"Mbona umekaa kwenye tope?" akauliza Bi Kanga.

"Napumzika."

"Kwenye tope?"

"Lina ubaridi mzuri, Bi Kanga. Tangulia, nakuja."

Msicheke! Tope limemlowesha matako, na kichwani anajiambia: rudi, Chande. Rudi uwaambie. Lakini akirudi, itabidi amwambie mgeni kwa nini. Na mgeni atataka kuufuata unyayo. Au atakasirika ashuke, na bondeni watasema nini? Akajifariji. Dada yupo zamu, atamwona. Akasimama, akausugua ule unyayo kwa mguu mpaka ukapotea, akaendelea kupanda. Wimbo haukutoka tena.

Saa sita wakafika gengeni. Ukungu ukapasuka, na hiyo hapo theluji! Nyeupe mpaka macho yanauma. Bi Kanga akasimama, akasahau hata kuuliza chui.

Chande hakuitazama. Alitazama chini. Chini kabisa aliliona jabali lao, na juu yake kidoti kidogo cha kahawia. Mwamvua. Akamwona Mwamvua anainua kichwa, anamtafuta, anamwona. Akamwona anashuka. Watoto wakamfuata, mmoja, wawili, watano, mpaka kwenye majani. Mwamvua akainamisha kichwa, akaanza kula. Masikini, tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni.

Sasa macho ya wote yalikuwa yake Chande.

Akayazungusha. Huku. Kule. Huku. Na kule, kwenye majani marefu kati ya genge na jabali, majani yakatikisika pasipo upepo.

"Mwanangu," Bi Kanga akanong'ona. "Ni yeye?"

Alikuwa yeye. Akatoka taratibu, madoa juu ya madoa, bega linapanda, bega linashuka. Hakuwatazama wao waliokuwa gengeni. Alikuwa anatazama chini, jabalini.

Ile Kwiii ya Chande ilikuwa imefika hapa, hapa kooni, imekaa kama mfupa.

"Kimya!" akanong'ona Bi Kanga. "Uliniapia. Lo, anavyotembea! Hajageuka. Ngoja ageuke niuone uso. Kidogo tu!"

Chande akangoja. Pumzi moja. Anapita tu, akajiambia, ana njia yake.

Pumzi mbili. Dada atainua kichwa. Inua kichwa, dada. Inua!

Mwamvua hakuinua. Kwa nini ainue? Alikuwa na mdogo wake juu.

"Kidogo tu," Bi Kanga akanong'ona. "Kidogo tu."

Pumzi tatu. Chande anaona watoto wanavyotafuna. Chui akalaza tumbo chini. Akajikunja. Ncha ya mkia ikacheza.

Hapo kiapo kikapasuka.

KWIIII! KWIIII! KWIIII!

Mlima mzima ulisikia. Kule chini, vuruu! Watoto, hao! Mmoja akajikwaa, Mwamvua akamsukuma kwa kichwa, akarudi kumsukuma wa pili. Chui hewani. Watoto ndani. Mwamvua mlangoni pa ufa. Ukucha ukashuka, chwaa! juu ya mgongo wake, ukavuta paja. Mwamvua akajitosa ndani ya jiwe, mguu mmoja ukimfuata nyuma kama si wake.

Chui akabaki na manyoya. Akageuka aone nani aliyemharibia. Akainua uso mpaka gengeni, macho ya manjano, makubwa.

Bi Kanga aliuona uso. Alifanya nini? Alifanya kama kanga wote wanavyofanya. "Kekekekekeke!" Akaruka, burrrr, bila kuaga, akashukia bondeni kwa mbawa zake mwenyewe. Safari ikaishia hapohapo.

Chande akajibana kwenye ufa mpaka chui alipokwenda zake. Kisha akakimbia. Hakuimba, hakuchagua pa kuweka mguu, alianguka, akainuka, akaanguka. Njia nzima alikuwa anasema, awe hai, awe hai, awe hai.

Alikuwa hai. Walikuwa wamemlaza ndani kabisa, kwenye jiwe baridi. Damu ilikuwa imepungua kutoka. Ukoo wote ulikuwa umemzunguka, na Chande alipoingia wakampisha.

"Chande," akasema Mwamvua. "Ulikuwa pale juu."

"Ndiyo, dada."

"Ukungu ulikuwa mzito, ee? Ulikufunika."

Mnaona? Dada anamtafutia mdogo wake njia. Ilikuwa ni kuitika tu. Nani angejua? Bi Kanga alikuwa ameshakwenda. Pimbi wote wakamtazama Chande, hata wale watoto, na wengine walikuwa wameshaanza kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ulikuwa ukungu.

Chande akawatazama, kisha akamtazama dada yake.

"Hapana, dada. Kulikuwa kweupe. Nilimwona."

"Ulimwona alipojikunja."

"Nilimwona kabla. Nilimwona alipotoka majanini. Na kabla ya hapo niliuona unyayo wake. Mgeni alitaka kimya. Nikanyamaza."

Mwamvua hakugomba. Laiti angegomba! Alimtazama mdogo wake, yule aliyemtafunia majani. Kisha akageuza uso wake, akautazama ukuta. Chande akalia. Alilia mbele ya watu wote na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Baada ya siku chache habari zikapanda kutoka bondeni. Bi Kanga alikuwa anazisimulia kwenye kila kichaka. Kwamba chui ana macho ya manjano. Kwamba theluji ni nzuri sana. Kwamba safari yote ilikuwa nzuri, ila mwongozaji ana kelele.

Mwamvua alipona. Anachechemea, lakini anatembea. Anaongea na mdogo wake, anacheka naye, wakati mwingine anamtoa majani begani. Wageni Chande aliacha kuwaongoza, akarudi kwenye zamu yake, na hakuna mlinzi aliyezungusha kichwa kuliko yeye. Lakini siku ya zamu ya Chande, pimbi huweka walinzi wawili. Wa kwanza ni Chande. Wa pili ni wa kumwangalia Chande. Na Mwamvua, siku hiyo, hashuki kwenye majani. Anakaa na njaa yake mlangoni pa ufa, ametazama juu, mpaka jua lizame.

Basi, wadogo kwa wakubwa, msikilize vizuri, sitarudia. Ukiona hatari inawaendea wenzako, piga kelele papo hapo. Usingoje pumzi moja, usingoje mbili. Usinyamaze kwa sababu ya sifa, wala kumfurahisha mgeni, wala kwa kiapo ambacho hukutakiwa kukila. Waliokuamini wakainamisha vichwa, wewe ndiye macho yao.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyelala amwulize aliyekesha, na Shomari, mwamshe mdogo wako.