Mkono wa Hilali Kibendera

Hii imenifikia kwa mdomo, nami nakupa kama ilivyonifikia. Isome pole pole, kisha mpe na mwenzio, hasa yule anayeanza kulalamika kabla hajanawa uso.

Palikuwa na mji mmoja wa watu wanaopika chumvi. Mji wenyewe mdogo, jua kali, vumbi jingi, na furaha yao ilikuwa moja tu: timu yao ya mpira, waliyoiita Chumvi. Na katika Chumvi alikuwako beki wa kati aitwaye Hilali, mrefu kama nguzo ya simu, mzito wa miguu lakini mkali wa macho.

Kazi ya Hilali ilikuwa kutega. Wapinzani wakitaka kupiga mpira mrefu, yeye anapiga hatua mbele, anamwacha mshambuliaji wao nyuma peke yake, kisha ananyoosha mkono wa kulia juu mpaka kwapa linapigwa na upepo. Mshika kibendera kule pembeni naye ananyoosha. Ameotea huyo, mpira haramu, rudisheni. Washambuliaji wa watu walitoka uwanjani wanataka kulia. Wanawake wauza chumvi, wakiwa wamekaa kwenye nyasi na khanga zao kichwani, walikuwa wakisema, "Yule mshika kibendera hana kazi. Anamsubiri Hilali anyooshe, ndiyo na yeye anyooshe."

Basi jina likamganda: Hilali Kibendera.

Pembeni yake alicheza beki mwenzake, Gwimo, mfupi, mwenye kitambi cha mbali, asiyeimbwa na mtu. Ukiuliza Gwimo anafanya nini uwanjani, watu walikujibu, "Yule? Anakimbia-kimbia tu."

Miaka ikaenda, magoti yakachoka. Gwimo akahamia mji wa pili, mji wa wakamua mawese, akawa kocha wa timu yao, nayo iliitwa hivyo hivyo, Mawese. Hilali akabaki kwao, akapewa Chumvi aifundishe. Siku hiyo vigelegele vilisikika mpaka stesheni. Watu walijua wamepata ukuta.

Ah, wanangu. Walichopata ni kero.

Maana Hilali alipokuwa kocha hakuna kilichomridhisha. Nyasi zimekatwa vibaya. Refa kanunuliwa. Jua linawapiga machoni Chumvi tu, wenzao haliwaoni. Na mkono wake wa kulia haukustaafu. Kila likitokea jambo unapanda juu wenyewe, kama umevutwa na kamba. Lakini kilichomchosha roho kuliko vyote ni mabeki wake. Mpira ukipita nyuma yao, vijana hao wanasimama, mikono juu, wanamtazama mshika kibendera kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Na mpira unaenda zake wavuni.

"Hivi nyinyi mna nini?" aliwauliza mazoezini, sauti imemkauka. "Mkono unazuia mpira? Mmeona wapi? Mpira ukipita, kimbieni. Kibendera si kazi yenu."

"Sawa, kocha," wanajibu wote.

Ikifika Jumamosi, wamesimama. Mikono juu.

Anarudi nyumbani amefura kama maandazi. Mkewe, Asumini, alikwisha mzoea. Anamwekea chai, anamuuliza, "Haya, Baba Nuru. Leo kakosea nani?"

"Usinichokoze, Mama Nuru."

"Sikuchokozi. Nataka nijue nimchukie nani wiki hii."

Na hapo nyumbani palikuwa na kero nyingine. Jirani yao, Mzee Mwinuka, alikuwa ameelekeza mfereji wa bati lake upande wa kwao. Mvua ikinyesha, maji yote ya paa la mzee yanakuja moja kwa moja mlangoni kwa Hilali. Basi Hilali hutoka, akasimama kizingitini, mkono juu: "Mzee Mwinuka! Unaona unachokifanya? Watu wote hapa ni mashahidi."

Mashahidi wenyewe wako ndani kwao, mvua inanyesha. Mzee Mwinuka naye masikio mazito, anakunywa kahawa yake. Na maji yanapita katikati ya miguu ya Hilali, yanaingia sebuleni, yanaondoka na kandambili ya mtoto.

Asumini humpita pembeni na jembe, nguo kaifunga kiunoni, akachimba mtaro huku mvua ikimpiga mgongoni.

"Baba Nuru, maji hayasikii."

"Lakini kosa si la kwake?"

"Kosa ni la kwake. Mkeka ni wa kwetu."

Hilali alisonya tu. Aliona mkewe naye hajui haki ni kitu gani.

Ligi ikafika siku ya mwisho, Chumvi wako ukingoni kabisa. Wakipata sare, wanabaki. Wakifungwa, wanashuka daraja. Na wageni wao siku hiyo ni nani? Mawese, ya Gwimo.

Mwenyekiti wa timu, Bwana Kilahama, alimfuata Hilali kabla ya mchezo. "Kocha, mji huu hauna kingine. Timu ikishuka, na wewe unashuka nayo. Na tafadhali, leo sitaki kusikia habari za refa."

"Refa wa leo namjua, mwenyekiti. Yule ana tabia ya…"

"Umeanza."

Mchezo ukaanza. Siku hiyo vijana walicheza, asikwambie mtu. Walikaba, walisukumana, walianguka na kuinuka. Wale wanawake wa chumvi wakaulizana, "Leo watoto wamekula nini?" Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Cha pili kikayoyoma, bado hakuna bao. Watu wakaanza kutazama saa zao, wengine wakaanza kukumbatiana kabla ya wakati. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kaa, kavua kofia, anajipepea.

Ndipo Mawese wakapiga mpira mrefu.

Hilali aliuona toka ulipotoka mguuni. Alikuwa ana macho, tusimnyime haki yake. Alimwona mshambuliaji wa Mawese, kijana mwembamba wa miguu mirefu, yuko nyuma ya mabeki peke yake, ameotea wazi kabisa. Mkono wa kulia ukapanda.

Haruna, nahodha, beki wa kati, akaona mkono wa kocha. Akanyoosha wake. Na wenzake watatu nao wakanyoosha. Mabeki wote wa Chumvi, mikono juu, wamesimama wima kama michongoma.

Yule kijana mwembamba hakumtazama mshika kibendera. Aligeuza shingo kidogo tu upande wa benchi la Chumvi, kama mtu anayetazama saa ya ukutani, kisha akakimbia. Akakimbia kama anafukuzwa. Kipa akamtokea, kijana akampita, akausukuma mpira wavuni kwa utulivu wa mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Kibendera kilikuwa chini. Mwenye nacho hakuona kitu.

Bao. Refa akaonyesha kati, na baada ya muda si mrefu akapuliza filimbi ya mwisho. Chumvi wameshuka.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka jasho na dawa ya kuchua. Hilali aliingia akapiga ndoo teke.

"Nimesema mara ngapi? Mpira ukipita, kimbia. Nani kawafundisha kusimama? Niambieni, nani?"

Mmoja alikuwa anafungua kamba za kiatu kilichokwisha funguliwa.

Haruna akainua kichwa. "Kocha, nikisema hutanipiga?"

"Sema."

"Sisi tukiwa pale hatumtazami mshika kibendera. Tunakutazama wewe. Ukinyoosha, tunajua kazi imekwisha."

"Mimi nimewaambia mkimbie."

"Umetuambia, kocha. Ila unanyoosha."

"Lakini aliotea!"

"Ndiyo, kocha," Haruna akasema taratibu. "Aliotea."

Hilali akatoka nje, roho inamchemka. Kwenye gari la wageni alimkuta Gwimo anamenya chungwa. Gwimo alimkatia kipande, akampa. Hilali hakukipokea.

"Gwimo, wewe ni beki. Sema kweli mbele ya Mungu. Yule kijana wako hakuotea?"

"Aliotea," Gwimo akajibu. "Hata mimi niliona. Sasa?"

Hilali alikuja amejiandaa kubishana, na mtu kamkubalia.

"Sikuja kukucheka, ndugu yangu," Gwimo akaendelea. "Nakwambia kwa sababu nakupenda. Wiki nzima nimemfundisha yule kijana jambo moja. Nimemwambia, kibendera achana nacho. Mtazame Hilali. Ukiona mkono wake umepanda, kimbia kwa nguvu zako zote, maana wakati huo mabeki wote wamesimama."

"Ulijuaje?"

Gwimo akatema mbegu ya chungwa. "Tulipocheza wote, unadhani washika vibendera walikuwa hawakosei? Walikuwa wakikosea, tena sana. Wewe umenyoosha, unagombana nao kwa macho. Mpira ule uliopita ulidhani unaenda wapi?"

Gwimo akamwekea kile kipande cha chungwa mkononi.

"Nilikuwa naufuata mimi. Jioni wanakuimba wewe, mimi nimelala chali nahema. Sikuona vibaya. Lakini ulipopewa timu nikajisemea, Hilali atafundisha mkono, na hapo hakuna wa kukimbia nyuma."

Gari likaondoka. Hilali alibaki amesimama uwanjani na kipande cha chungwa alichowekewa mkononi bila kujua.

Wiki haijaisha, mvua ikashuka. Mchana kweupe, matone makubwa kama maharage. Mfereji wa Mzee Mwinuka ukaanza kutapika. Asumini alikuwa jikoni. Alipolifuata jembe mahali pake, hakulikuta. Akatoka nje.

Hilali alikuwa ameinama mtaroni, suruali kaikunja, matope mpaka magotini, anachimba. Hasemi na mtu.

"Baba Nuru," akamwambia, "na mkono?"

"Umeshika mpini."

Asumini alisimama tu akamtazama, mvua ikimlowesha, kisha akaenda kutafuta beleshi.

Wakati huo akatokea Bwana Kilahama, mwamvuli juu, viatu vimesafishwa. "Kocha, nimekuja tuzungumze habari ya timu."

"Zungumza, mwenyekiti. Nakusikia. Ila sinyanyuki."

Mwenyekiti akakohoa, akatafuta pa kuanzia. Maji yakampitia kwenye viatu. Akafuata kwa macho yalikotoka, akaona ule mfereji, na uso ukambadilika. Mkono wake, ule usio na mwamvuli, ukapanda.

"Lakini huyu mzee naye! Haiwezekani. Hilali, hii ni kesi ya serikali ya mtaa. Mimi nitakuwa shahidi wako."

Asumini akamsogelea na beleshi. "Mwenyekiti," akasema kwa adabu zake zote, "maji hayasikii."

Bwana Kilahama alilitazama beleshi. Akautazama mkono wake uliokuwa juu, akaushusha pole pole, kama mtu aliyekamatwa anaiba sukari. Akafunga mwamvuli. Akavua viatu.

Wakachimba. Mzee Mwinuka akafungua dirisha, kikombe mkononi. "Mnachimba nini hapo?"

"Mtaro, mzee," Hilali akapaza sauti. "Tukimaliza tunakuja kukulalamikia."

"Haya, karibuni kahawa."

Maji yakageuka, yakashika njia ya mtaro, yakaenda zake barabarani. Mwenyekiti akafuta jasho lililochanganyika na mvua. "Hilali, nilikuja kukuondoa kazini."

"Najua."

"Nilikuwa nimepanga maneno mazuri sana. Sasa siyakumbuki."

"Tunywe kwanza kahawa ya mzee. Labda utayakumbuka."

Hakuyakumbuka.

Msimu uliofuata, huko kwenye daraja la chini, mchezo wa kwanza kabisa, mpira mrefu ukapita nyuma ya mabeki wa Chumvi. Mshambuliaji ameotea, kila mtu kaona, isipokuwa yule ambaye kazi yake ni kuona. Mkono wa Hilali ukaanza kupanda. Ukafika begani. Akaurudisha.

Kisha akakimbia. Nje ya mstari, na magoti yake mabovu, anachechemea, koti linapepea nyuma, mzee mzima anaukimbilia mpira asioruhusiwa kuugusa. Watu walicheka. Wale wanawake wa chumvi walishikana mabega kwa kucheka.

Lakini Haruna alikuwa amemtazama kocha wake, kama kawaida yake. Na alipomwona anakimbia, hakusimama. Aliufikia mpira mlangoni pa goli, akautoa.

Funzo: Haki unaweza kuwa nayo na bado ukapoteza kilicho chako kwa kusimama unailalamikia; okoa kwanza, malalamiko yatakusubiri. Na wanaokufuata watashika unachokitenda, hata kama mdomo wako unawaambia kingine.