Magogo Mawili ya Ndiva

Mtu mmoja alikuwa na ndiva, yaani bwawa la kukinga maji ya mlimani, na mlango wake ulikuwa ubao mpana wa mvule uliosimama kati ya nguzo mbili. Kila upande wa ubao ulining'inia kwa kamba, na kila kamba ilizungushwa kwenye gogo lenye mpini. Aliwafundisha wanawe wawili wa kiume kuuinua, mmoja huku na mmoja kule, wakihesabu pamoja kwa sauti. Alipokuwa anakata roho aliwausia jambo moja tu: wazungushe sawa, mzunguko kwa mzunguko. Wakamzika, na wosia huo wakaushika kwa meno.

Mkubwa aliitwa Mbonea, mdogo Senkondo. Miaka ikapita, mchwa wakala gogo la upande wa Mbonea. Akachonga jingine la mkaratusi, jembamba kuliko lile la zamani, akalifunga mahali pake siku moja kabla ya zamu yao ya maji. Hakufanya kosa. Mti uliopatikana ulikuwa huo, na hakuna aliyefikiri kwamba gogo jembamba hula kamba kidogo kwa kila mzunguko.

Zamu ikafika, asubuhi ya ukungu. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, majani yamejikunja kwa kiu. Desturi ya mlima ule ilikuwa jua likifika utosini, maji ni ya jirani, na zamu nyingine mpaka siku sita zipite. Mahindi yasingengoja siku sita. Hilo lilijulikana na wote, hata asiye na shamba.

Wakaanza kuzungusha. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bwawa, na Mbonea hakumwona ndugu yake. Alisikia sauti tu ikivuka maji: moja, mbili, tatu. Ilikuwa kama kuhesabu usingizini. Mpini ulikwenda kwa wepesi wa ajabu, ukipanda, ukishuka, na katika weupe ule aliona, au alidhani anaona, mikono ya marehemu baba yake juu ya mikono yake, ikimsaidia. Moyo ukamjaa furaha. Alitamani hesabu isifike mwisho. Walipotamka kumi, ubao ulilia, ukakwama.

Ukungu ulipopasuka wakaona mambo. Upande wa Senkondo ulikuwa juu, wa Mbonea chini, na ubao umebanwa mshazari kati ya nguzo. Maji yaliyopita yalitosha kunawa uso.

Wakaushusha, wakaanza upya, wakihesabu kwa sauti kubwa zaidi. Ukakwama tena. Mara ya tatu Mbonea aliingiwa na sumu. Alijiambia kwamba mdogo wake anaongeza mizunguko kimyakimya ili aonekane ndiye mwenye nguvu. Senkondo naye alijiambia kwamba kaka yake anahesabu kwa mdomo na kulala kwa mikono. Wakatupiana maneno ambayo ndugu hawapaswi kuyajua, seuze kuyasema. Majirani waliokuwa wakingoja zamu yao wakatazamana na kuchekea pembeni, maana wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Na jua lilikuwa linapanda.

Dada yao Nakijwa akapanda kutoka shambani, vumbi la majani makavu mikononi. Hakuuliza nani kakosa. Aliwaamuru washushe ubao mpaka ukalie kizingiti pande zote mbili. Kisha akachana kanga yake kuukuu, akafunga vitambaa kwenye kamba zote mbili, kuanzia gogoni kushuka chini, kila dhiraa kitambaa kimoja. Alipima kwa mkono wake mwenyewe, kiwiko hadi ncha ya kidole, mkono ule ule huku na kule. Akawaambia wasihesabu tena. Wazungushe mpaka kitambaa kifike gogoni, kisha kila mmoja amngoje mwenziwe.

Kitambaa cha Senkondo kilifika kwa mizunguko miwili. Cha Mbonea kilifika kwa mitatu.

Mbonea akaachia mpini. Yeye ndiye mkubwa. Kwa nini azungushe mitatu, mdogo wake azungushe miwili? Na wosia wa baba uende wapi? Aliyasema hayo machozi yakimlengalenga, kwa maana aliona wanamdhulumu yeye na marehemu pamoja.

Nakijwa akamjibu, "Kaka, maji hayajui umezungusha mara ngapi. Yanajua mlango umepanda kiasi gani."

Hakuridhika. Alizunguka bwawa kwa hasira, akamsukuma Senkondo kando, akashika mpini wake awaonyeshe kazi inavyofanywa. Mpini haukusogea. Akaushika kwa mikono miwili, akajitia na kifua, ukaenda robo tu, mishipa ya shingo imemsimama. Hapo ndipo alipotazama viganja vya mdogo wake, akaona vimechubuka. Mikono aliyoiona ukunguni haikuwa ya baba. Ulikuwa wepesi wa gogo lake jembamba, naye aliufanya baraka yake, na jasho la ndugu yake akalifanya hila. Aliona aibu, akarudi upande wake, akashika mpini.

Wakainua, kitambaa kwa kitambaa. Huku mitatu, kule miwili, anayetangulia anangoja. Ubao ukapanda umenyooka, kimya, na maji yakatoka chini yake mapana. Nakijwa akakimbia mbele yao na jembe kufungua matuta. Jua halikuwa limefika utosini. Na wosia wa marehemu haukuvunjwa, kwa sababu alipousema, magogo yalikuwa ya unene mmoja, naye hakutaka mizunguko. Alitaka mlango uinuke sawa.

Basi wewe unayehesabu taabu yako na taabu ya nduguyo, ukaona yako imezidi, je, umewahi kuushika mpini wake?