Tairi la Bandani

Bwana Lushinge, mwenye nyumba aliyeogopwa mtaa mzima, alipasukiwa na tairi mbele ya mlango wa mpangaji wake, Bi Nyamizi. Papo hapo akawaamuru wapambe wake wang'oe moja kwenye gari la yule mama.

Bi Nyamizi akainama kulichungulia tairi lililopasuka, kisha akapiga magoti. "Ng'oeni hata yote, baba! Ila la bandani msiliguse, ndilo roho yangu!"

"Kumbe unaficha mali!" akafoka Lushinge, akalibeba la bandani mwenyewe.

Hadi alasiri wapambe walilivuta, wakalipaka sabuni, wakalirukia. Rimu ikalikataa katakata.

Bi Nyamizi akapita na gari lake, taratibu. "Bwana, tairi lako limeandikwa saizi kumi na tano. Hilo ni kumi na nne. Mkichoka lirudisheni, kuku wangu anataka kutaga."