Mashavu na Mashimo ya Kilima Kipara

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyua, vyungu na majirani wa kugombana nao, aliishi Kindi mmoja mdogo aitwaye Mashavu. Alikaa na mama yake kando ya korongo. Na msicheke jina lake, wanangu. Ninyi mngekuwa mnabeba kunazi sita mdomoni, mngeitwa nani?

Kijiji chao kilikuwa na desturi. Kila mwaka, mvua za kwanza zikishanyesha, vijana walisimama mbele ya Jumbe Twiga, wakataja kazi zao za maisha na kuonyesha alama. Msusi alileta mkeka, mfinyanzi alileta chungu. Asiye na kazi alichukuliwa na mkubwa yeyote aliyemtaka, akamtumikie mpaka azeeke.

Zilibaki siku tatu, na Mashavu hakuwa na kazi.

Si kwamba alikuwa mvivu, maskini! Alijifunza kusuka, mkeka ukatoka na pembe tano. Alijifunza kufinyanga, chungu kikavuja hata hakijatiwa maji. Jambo aliloliweza bila kuchoka lilikuwa moja tu: kukimbia korongoni kufukia kunazi na ukwaju viwe akiba ya njaa, kisha kusahau alikovifukia.

"Kichwa chako ni pakacha, mwanangu," mama yake alizoea kumwambia. "Kila kitu kinavuja."

Asubuhi ile walikuja wageni wawili, wakisukumana mlangoni. Mmoja alikuwa Fisi, baba wa watoto tisa watundu. Wa pili alikuwa Ngiri, mwenye pembe kali na mgongo uliojaa kupe.

"Hodi! Nimekuja kumtazama yaya wangu," akasema Fisi.

"Yaya wako? Thubutu! Huyu ni wa kunikuna mgongo," akafoka Ngiri.

"Aka! Mimi nimemwona kwanza!"

Mama Mashavu alishika upawa. Akasimama kati yao na mwanawe. Mashavu alipomwona mama yake hivyo moyo ulimuuma sana. Akapenya mlango wa uani, mbio, hadi korongoni ili alie peke yake.

Hakulia. Alisimama, kisha, pu! akakaa chini.

Korongo zima lilikuwa limeota. Miche ya mikunazi! Miche ya mikwaju! Imesongamana, majani bado laini. Kila alichokisahau yeye, ardhi ilikikumbuka.

"Kumbe ni ninyi?" akanong'ona, akaligusa jani moja kwa kidole. Sasa ndipo alipolia, tena huku anacheka. Akilini mwake akakiona Kilima Kipara cha pale kijijini, ambacho hakikuwa na kivuli cha kumtosha hata mjusi, kimefunikwa na miti, watoto wakiokota kunazi chini yake. Hakuna aliyewahi kumtuma kufukia mbegu. Ilikuwa kazi yake miaka yote, ila hakujua jina lake.

Lakini kilima kilikuwa kigumu kama mfupa, na makucha yake madogo. Kwa siku tatu angechimba shimo moja, tena la kutia huruma. Mashavu akakuna sikio. Akakumbuka pembe za Ngiri na kucha za Fisi, akatabasamu.

Alirudi nyumbani, akapiga magoti kwa adabu.

"Shikamooni, wajomba. Ya nini kugombana? Chakula changu makao yake ni Kilima Kipara. Nendeni mkachimbe. Nikikosa kazi siku ya kutaja, nitamfuata atakayekuwa na mashimo mengi kumshinda mwenzake."

Fisi alisikia "chakula". Ngiri alisikia "nitamfuata". Lile neno "nikikosa" hakuna aliyeshughulika nalo.

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Vumbi likapaa kilimani.

"Ni hapa?" Fisi akauliza, ulimi nje.

"Bado, mjomba," Mashavu akajibu kutoka nyuma. "Hatua nne mbele. Kina cha kufika kiwiko."

"Mimi ninayo arubaini!" akajigamba Ngiri.

"Mwongo! Hesabu tena!"

Walivyokuwa wakioneana wivu, hawakugeuka nyuma hata mara moja. Na nyuma yao walikuja mama na mwana, ungo umejaa miche, shimo kwa shimo, wakipanda na kushindilia.

"Nisamehe, mwanangu," mama akasema, udongo umemjaa viganjani. "Nilikuita pakacha."

"Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi, mama," akajibu Mashavu, na wote wawili wakacheka kimyakimya wasije wakasikika.

Siku ya kutaja ikafika. "Mashavu binti Kindi," akaita Jumbe Twiga, "taja kazi yako."

"Hana!" wakapaaza sauti Fisi na Ngiri.

"Mimi ni mwotesha miti," akasema Mashavu. "Alama yangu ile pale."

Twiga akanyoosha shingo. Akatazama kilimani. "Lahaula! Kilima Kipara kimeota nywele!"

"Mashimo ni yetu!" akabweka Fisi.

"Ni yenu kabisa, mjomba, na ahsanteni. Mnaweza kuyabeba mwende nayo?"

"Ulisema kuna chakula!" akanguruma Ngiri.

"Kipo, mjomba. Sikusema kimeiva."

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Mama Mashavu peke yake alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Miaka ikapita, kunazi zikaiva. Fisi alipenda kulala kivulini, watoto wake tisa wakimrukia tumboni, na kila mpita njia alimwambia, "Unauona mti huu? Shimo lake nililichimba mimi." Mashavu alimsikia kutoka juu ya tawi, akamwacha ajisifu.

Na mimi nawaacha hapo, wanangu, na neno moja: kazi yako itafute pale mkono wako unapokwenda bila kutumwa.