Kidari cha Nderumaki

Mnivumilie, majirani, nasema taratibu. Zamani za Mjerumani, huku kwetu Uchaggani, walikuwako watu watatu wasiopendana, na kila mmoja Mungu alimpa kitu.

Aikaruwa, mke wa Nderumaki, alipewa mkono wa kupika mbege. Hata mtu aliyeapa kuacha pombe alipita uani kwake kunusa tu.

Mangowi, mhunzi wa ukoo wetu, alipewa mkono wa chuma. Angeweza kuipasua pete ya chuma shingoni mwa mtu asimkwaruze ngozi. Huyu aliwahi kumposa Aikaruwa akakataliwa, na hakusahau.

Kisanga, mdogo wake Nderumaki, alipewa sura tu. Alifanana na kaka yake kama ndizi mbili za chane moja. Zaidi ya hapo alikuwa mvivu, na watu walimwambia hivyo usoni.

Siku moja nyapara alimpiga teke mama mzazi wa Nderumaki. Nderumaki akamwangusha chini. Askari wakamtia mnyororo wa shingo pamoja na wafungwa wengine, wapelekwe mbali kubeba mizigo ya jeshi. Waliopelekwa huko hawakurudi. Tena wakatangaza: akipungua mfungwa mmoja, kijiji kitachomwa moto.

Aikaruwa akawaita wale wawili.

"Sikuwaita kwa mapenzi," alisema. "Wewe Mangowi una roho ya nyoka, na wewe Kisanga ni mla makoko. Lakini mume wangu yuko kwenye mnyororo."

"Na wewe una mdomo wa nyigu, shemeji," Kisanga akajibu. "Sema tufanye nini."

"Mimi nitamfungua," alisema Mangowi. "Ila si kwa ajili yako, mwanamke."

Mchana wa jua kali Aikaruwa akawapelekea askari mbege, ndani yake ametia mzizi wa usingizi. Kwetu mwenye kuleta pombe huonja kwanza, ili mgeni ajue haina sumu. Aikaruwa alidhani ataonja mara moja tu, yaishe. Lakini askari wale walikuwa wameijua desturi yetu, na kila mmoja akamnyooshea kata yake mwenyewe. "Onja, mama. Na hii onja." Alikuwa mjamzito. Akaonja zote. Askari wakalala, naye akarudi nyumbani akitambaa. Mimba ikatoka.

Mangowi akaingia kambini na nyundo aliyoiviringisha kwa magome ya mgomba. Akaifungua pete ya Nderumaki, akaifunga upya kwenye shingo nyingine. Lakini chuma kilichogongwa upya hung'aa. Askari walipoamka waliuona mng'ao ule, wakahesabu wafungwa, wakakuta wametimia. Wakadhani mtu amejaribu akashindwa. Na mhunzi kijijini alikuwa mmoja tu. Wakamlaza mkono wa kulia juu ya jiwe, wakauponda kwa nyundo yake mwenyewe. Hakufua chuma tena.

Shingo ile nyingine ilikuwa ya Kisanga. "Nenda, kaka," alisema. "Leo mvivu amepata kazi." Akaenda kwa jina la kaka yake, akala viboko vya kaka yake. Alirudi baada ya Mjerumani kuondoka, mgongo umepinda, kifua kinatoa damu, shingo haigeuki. Alipoitwa kwa nyuma, ilimbidi azunguke mwili mzima.

Nderumaki alikuwa amejificha msituni, akapona. Ndugu yake aliporudi, akachinja mbuzi wa shukrani. Katika ukoo wetu kidari, nyama ya kifua, hupewa yule mmoja unayemshukuru kuliko wote, wala hakigawanywi. Na nyumba iliyokula kidari hicho ndiyo itakayotupa udongo wa kwanza katika kila kaburi la ukoo.

"Nimepoteza mtoto," alisema Aikaruwa. "Bila pombe yangu mngefika wapi?"

Mangowi akainua mkono uliosagika. "Kulewesha watu? Kila mpika pombe hulewesha. Mimi hata tonge nalishwa na mke wangu."

"Ninyi wote mlilala makwenu," alisema Kisanga. "Mimi nililala mnyororoni."

Nderumaki akamtazama huyu, akamtazama yule. Akakitupa kidari motoni. "Basi kisiwe cha mtu!"

Alidhani anazima ugomvi. Tangu siku hiyo nyumba zile tatu hazili chungu kimoja. Hakuna aliyempelekea mwenzake jani la isale kuomba msamaha. Harusini hukaa mbalimbali. Kanisani huimba wimbo mmoja bila kutazamana.

Mume wangu Elirehema, mjukuu wa Aikaruwa, alikuwa mtu wa amani. Kila msiba ulipotokea alichinja mbuzi badala ya yule wa kwanza, akampa mchungaji kidari, na mchungaji ndiye aliyetupa udongo. Ugomvi ukasogezwa mbele.

Leo Elirehema mwenyewe yumo jenezani. Mbuzi amechinjwa. Mchungaji amenirudishia sahani ya kidari.

"Mama," ameniambia, "mmenifanya ukuta wa kujificha. Leo sili."

Wazee wamenipa mimi kisu, kwa kuwa nimeolewa tu hapa, sikuzaliwa katika nyumba yoyote kati ya hizo tatu. Hata machozi hawajaningoja niyafute; kila nyumba inapiga kelele.

"Kata, shemeji! Damu ya mtoto haina bei!"

"Wewe nyamaza! Kizazi cha walevi!"

"Mkitunyima leo, tunaondoka na majembe yetu. Mzikeni kwa kucha!"

Nimepiga magoti kando ya jeneza, nimesali. Mungu amenipa utulivu. Jibu hajanipa. Nikimkatia mmoja, wawili wataondoka wakimlaani mume wangu kabla hajafunikwa. Nisipokata, hakuna atakayetupa udongo.

Kaburi li wazi, na huko juu mlimani mvua imeshaanza. Ninyi majirani, msio wa ukoo huu, niambieni: mngemkatia nani?