Mguu Ulionyamaza

Leo nina neno na ninyi ambao mkiulizwa hali mnajibu "mzima kama chuma," na mara ya mwisho kupimwa hata hamuikumbuki. Mbona mnaangaliana? Tulieni, sijamtaja mtu. Nawapa mfano tu, atakayejiona humo asinifuate nyumbani kunilaumu.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, kibanda chake kiko mkabala na msikiti. Kanzu akiishona yeye, hata mtu aliyepinda anaonekana amenyooka. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wa kulia ndio uliolisha nyumba yake. Shikeni hilo, mguu wa kulia.

Fundi huyu alikuwa na sukari. Hospitali walimpa vidonge vya kila siku, wakamweleza: chai unywe bila sukari, wali upunguze, mboga uzidishe, na jioni utembee. Akaitikia "naam, naam," kama mnavyoniitikia mimi hapa. Kesho yake asubuhi yuko kibandani na chai ya maziwa iliyokolea mpaka midomo inanata, na sahani ya maandazi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Vidonge anameza akikumbuka, na hakuwa mtu wa kukumbuka.

Lakini alikuwa na ujanja wake. Siku mbili kabla ya kliniki, anafunga. Akifuturu, anakula mchicha, na vidonge anameza kwa saa yake. Majirani wakimwona wanasema, "Mashallah, fundi anapenda sunna!" Sunna gani? Mtu anamfungia muuguzi! Chekeni, chekeni, nawajua mnaocheka. Kliniki anatobolewa kidole, kipimo kinasoma vizuri, anaambiwa hongera baba. Akirudi, njiani anapitia dukani kununua halua ya kujipongeza.

Haya, muuguzi umemdanganya. Na mwili nao utaudanganya kwa kipi?

Miguu ikaanza kuwaka moto. Nyayo zinachoma kama zimepakwa pilipili. Akilala anaitoa nje ya shuka, akiinuka anazunguka ukumbini, anaitia kwenye beseni la maji, anaitoa, anaitia tena. Mchana hatulii kitini. Anakunywa maji, anakwenda msalani, anarudi, kiu iko palepale. Wateja wanamsemesha, yeye anasugua mguu kwa mguu chini ya cherehani.

Mkewe akamwambia, "Baba Rukia, twende hospitali leo."

"Siku yangu ya kliniki bado."

"Moto wa miguuni nao unangoja kliniki?"

"Mama Rukia, nikienda leo watanipima, na mimi sijajiandaa."

Mkewe akamtazama, akashika kiuno. "Hujajiandaa? Kwani wewe unakwenda hospitali kufanya mtihani?"

Fundi akanuna, akaenda zake kibandani. Aliogopa, ndugu zangu, na alijua anachokiogopa. Kwenye benchi la kliniki aliwahi kukaa na mwashi mmoja aliyekatwa mguu juu ya goti, na tangu siku hiyo kila akikanyaga cherehani anamwona yule mtu. Ungedhani woga huo ungemkimbiza kwa daktari. Wapi! Ulimkimbiza mbali naye. Akaomba tu, akalia kwenye mswala wake, "Ya Rabi, niondolee moto huu."

Na moto ukaondoka. Ulipungua siku hadi siku, mpaka asubuhi moja akaamka, kimya. Akapiga mguu sakafuni. Akaufinya. "Mama Rukia! Njoo uone! Finya hapa, finya kwa nguvu! Sisikii kitu! Nimepona!"

Furaha ilimjaa mtu yule mpaka machozi. Vidonge akaviweka juu ya kabati, mtu mzima ana haja gani na dawa? Akaita majirani, akasomewa dua ya shukrani, ikaletwa kahawa na halua, na mwenye shughuli akala kuliko wageni.

Mkewe hakula. Alikuwa na wasiwasi asioweza kuueleza. Jioni moja mumewe alitoka kwenda msikitini, kandambili ya kulia ikamvuka palepale mlangoni, naye akaendelea na safari na kandambili moja, huku anasalimia watu. "Baba Rukia, kiatu!" Akageuka, akatazama chini, akacheka. "Mawazo tu, mke wangu." Mama yule hakucheka. Alikiokota kile kiatu, akamfuata nacho njiani.

Sasa sikilizeni, na wewe wa nyuma uliyeegemea nguzo, amka.

Alhamisi moja fundi alikuwa anapiga pasi kanzu ya bwana harusi. Kesho ndoa, kanzu nyeupe pe, wenyewe wako njiani kuifuata. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, na kishikizo cha mfuniko kimelegea siku nyingi. Anapiga pasi, mara harufu ikampiga puani: kitu kinaungua. Mungu wangu, kanzu ya watu! Akaweka pasi pembeni, akainua kanzu, akatazama mbele. Nyeupe. Akageuza nyuma. Nyeupe. Akakagua mikono, kola, pindo lote, jasho linamtoka. Kanzu nzima, na harufu inazidi. Akaanza kupekua vitambaa mezani, akavitupa huku na huku, anatafuta kinachoungua.

Mkewe akaingia na chai. Akapiga ukelele, chai ikamwagika.

"Mguu wako, baba Rukia! Ni wewe unayeungua!"

Akatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limekwama kati ya kandambili na vidole vya mguu wake wa kulia, ngozi imeshakuwa nyeusi, na moshi mwembamba unapanda. Yeye amesimama wima na kanzu mkononi, anautazama mguu ule kama wa mtu mwingine.

Subhanallah.

Wakamkimbiza hospitali, safari hii bila kufunga. Muuguzi akaliosha lile jeraha, halafu akainua mguu, akaugeuza atazame chini. Akaomba koleo ndogo, na kutoka kwenye unyayo akachomoa kipande cha sindano ya cherehani, kimeota kutu, na usaha nyuma yake.

"Baba, hii imekaa humu wiki nyingi. Hukuisikia?"

"Sikusikia, mwanangu. Miguu yangu ilipona. Ilikuwa inawaka moto, ikaacha."

"Haikupona, baba. Sukari ikikaa juu siku nyingi inaharibu mishipa ya fahamu. Wakati inawaka ilikuwa inakuita. Ilipokufa ganzi ndipo ulipotakiwa kuja mbio." Akafunga bandeji, kisha akauliza taratibu, "Wewe unaswali?"

"Naswali. Sikosi msikitini."

"Basi mguu huu unauosha mara tano kwa siku. Hujawahi kuutazama?"

Fundi aliinamisha kichwa, akalia mbele ya mkewe bila kuona haya.

Mguu ulibaki, alhamdulillahi, ila kidole kimoja alikiacha hospitali. Siku hizi chai yake haina sukari, vidonge anameza kliniki iwepo isiwepo, na kila baada ya isha anageuza nyayo zake, mkewe anamshikia taa.

Ndugu zangu, na sisi je? Maji ya udhu tunayamwaga juu ya miguu na macho yako kwa anayepita barazani. Kichwa kinagonga, unameza panado, presha huijui. Wengine tulipewa dawa za presha, tulipojisikia vizuri tukaziacha, tukasema tumepona. Ni nani aliyetuambia kwamba kutosikia maumivu ndiyo afya? Hata moyo ni vivyo hivyo. Mara ya kwanza ulipomdhulumu jirani ulikuchoma, hukulala. Sasa unalala usingizi mnono, unajiambia una amani. Amani hiyo, au ganzi?

Namalizia. Nje barazani wako wauguzi watatu na vipimo vyao, vya sukari na vya presha, na watawatazama nyayo. Akina mama upande wenu yuko wa kwenu. Naona nyuso zinabadilika. Mnataka kusema hamkujiandaa?

Najua. Ndiyo maana sikutangaza. Haya, safu ya mbele inukeni kwanza, na viatu viacheni hapohapo mlangoni mlipovivua.